Shajara ya kaseti za mjomba, na namba 17 iliyoandikwa MTUME

Jumapili, 6 Aprili 2025

Masanduku mawili ya bati yamefika Dar salama kwa basi la asubuhi kutoka Tanga. Nimezihesabu kaseti mara mbili: ziko 63. Ni za mjomba wangu, kaka yake Mama, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo tangu mwishoni mwa miaka ya sabini hadi 1991. Kila alipotia nanga nyumbani alishuka na sabuni, vitambaa na kaseti. Alifariki miaka minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tangu hapo masanduku yalikaa uvunguni mwa kitanda cha Mama, yamefunikwa kanga.

Kazi niliyojipa ni kuzihamishia kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza, na kuandika maelezo ya kila wimbo: nani anaimba, ulirekodiwa wapi, chombo gani kinasikika, na nani alichukua kipande chake baadaye kutengenezea wimbo mwingine. Hilo la mwisho ndilo linalonisukuma. Mtoto wa dada yangu ana miaka 19, anatengeneza biti kwenye simu, na nusu ya anavyovipenda vimetoka kwenye nyimbo za soul na pop za miaka ya themanini. Yeye amevikuta vimeshakatwakatwa. Nataka avisikie vikiwa vizima.

Mama ameruhusu kwa sharti moja: kila kaseti irudi pale pale ilipokaa. Sikuelewa kwa nini mahali pawe na uzito kiasi hicho, lakini nikakubali.

Mgawanyo wa haraka: soul na pop 41, kaswida na mawaidha 14, taarab 5, na tatu hazina maandishi yoyote. Namba 17 nimeihesabu kwenye kaswida. Ilikuwa juu kabisa ya sanduku la pili, juu ya kaswida zote, imezungushiwa kitambaa cheupe, na mjomba ameandika kwa wino wa buluu neno moja tu: MTUME. Utoto wangu wote niliiona hapo na haikuwahi kupigwa mbele yetu.

Jumatano, 9 Aprili

Deki niliyoipata Kariakoo ilikuwa inavuta utepe kwa kusuasua. Sauti inapanda, inashuka, kama mtu anayeimba huku anatikiswa mabega. Nimeifungua. Mpira unaozungusha gurudumu umelegea na kuacha vidoleni weusi unaonata kama lami. Fundi mmoja mzee amenitafutia mwingine wa kipimo hicho hicho kwenye debe la vipuri, bila hata kupima, kwa jicho tu. Nimesafisha hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, kwa spiriti na pamba, na pamba imetoka na rangi ya chai ya rangi.

Kilichokula siku nzima ni skrubu moja. Pembeni ya hedi kuna skrubu ndogo inayoiinamisha upande huu au ule kwa kadiri ya unywele. Kila kaseti ilirekodiwa kwenye mashine yake, na kila mashine ina mwinamo wake. Hedi isipokaa sawasawa na utepe, sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza: matoazi, pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza mstari, herufi s. Nilivaa spika za masikioni nikaigeuza kidogo kidogo, narudi, naendelea, mpaka matoazi yakang'aa kwa ghafla na mwimbaji akasogea mbele kama amevuta kiti. Nitafanya hivi kwa kila kaseti.

Narekodi kwa kiwango cha juu cha kidijitali (biti 24, kilohezi 48). Mvumo wa utepe siuondoi. Programu za kuondoa mvumo hula na pumzi za waimbaji, na muziki wa soul ukiutoa pumzi umeutoa nyama.

Jumamosi, 19 Aprili

Kaseti 11 zimekamilika. Mjomba alipanga nyimbo kwa mwendo wa usiku wa disko: za kuchangamsha tano au sita, kisha bluzi mbili, yaani nyimbo za taratibu, kisha za kuchangamsha tena. Wa umri wangu wanaijua bluzi. Taa zinapunguzwa, wawili wawili wanabaki katikati, waliobaki wanarudi ukutani na soda zao. Sisi wa disko toto tulitolewa nje kabla ya magharibi, kwa hiyo bluzi tulijifunza kupitia kaseti za wakubwa.

Namba 12 ni ya bluzi upande mzima. Inaanza na Luther Vandross wa 1981, na Marcus Miller kwenye besi, kisha anaingia Marvin Gaye na "Sexual Healing" ya 1982. Huu nimeusikiliza mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Marvin alikuwa amekimbilia Ostend, mji wa pwani huko Ubelgiji, akiwa na madeni ya kodi, ndoa iliyovunjika na dawa za kulevya. Hakuwa na bendi kubwa ya Motown, kampuni yake ya zamani ya rekodi, nyuma yake. Alikuwa na mashine ya ngoma ya Roland, TR-808, iliyoingia sokoni mwaka 1980. Ukisikiliza kwa makini unasikia vitu vichache sana: tiki tiki ya mashine, pigo la chini la mviringo, kinanda kinachojaza kidogo, gita linalogusa na kuondoka. Sehemu iliyobaki ni yake. Anajibizana na sauti zake mwenyewe, moja juu ya nyingine, mtoto wa mchungaji aliyekulia kwenye nyimbo za kanisa. Tarehe 1 Aprili 1984 baba yake alimpiga risasi, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45.

Roland waliacha kuitengeneza 808 mwaka 1983. Ngoma zake hazikufanana na ngoma za kweli na wanunuzi walitaka za kweli. Ziliposhuka bei kwenye maduka ya mitumba ya vyombo, vijana wasio na pesa wa New York, Miami na Detroit ndio walioziokota. Leo prodyuza wa Dar akisema 808 hamaanishi tena mashine, anamaanisha ile besi nzito inayotetemesha vioo vya daladala. Wengi wao hawajawahi kuiona mashine yenyewe hata kwa picha.

Ijumaa, 2 Mei

Namba 17.

Nimefungua kitambaa nikiwa na udhu, kwa sababu ya jina. Nimeiweka hedi sawa, nimebonyeza, nikangoja dufu.

Ikatoka mashine ya ngoma. Pigo la chini, kimya. Kofi. Kimya kirefu zaidi. Kisha besi ya kinanda, nene, inateleza taratibu kama samli kwenye kikaango cha moto mdogo. Kisha sauti ya mwanamke asiye na haraka na mtu yeyote.

Mtoto wa dada yangu alikuwa jikoni. Alikuja na kijiko mkononi. "Mama mdogo, hiyo si ya Biggie?" Nikamwambia asubiri Biggie aingie. Akasimama mlangoni akitikisa kichwa, akahesabu mistari, akafungua mdomo kuanza kurapu pale anapojua rapu inaanza, na aliyeingia akawa yule mwanamke. Akakaa chini sakafuni na kijiko chake.

Mtume ni jina la bendi ya Marekani na la kiongozi wake, James Mtume. Wimbo ni "Juicy Fruit" wa 1983, anaimba Tawatha Agee. Ulikaa wiki nane kileleni kwenye chati ya Billboard ya muziki wa Weusi. Mwaka 1994 rapa The Notorious B.I.G., ndiye huyo Biggie, akajenga juu yake wimbo wake "Juicy", na tangu hapo dunia nzima inalijua pigo lile bila kuijua bendi.

Tumekaa nao mpaka usiku, nikimwonyesha kilichomo. Ngoma zinatoka kwenye mashine ya Roger Linn, mbunifu wa Marekani. Tofauti na 808, mashine za Linn zilihifadhi sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, kwa hiyo kofi lile lilikuwa kofi kweli, ila linarudiwa bila kuchoka na bila kukosea. Miaka mitatu tu kabla yake bendi ya Mtume ilikuwa na sauti nzito, vyombo vingi, mtindo wa bendi kubwa za funki. Hapa amepunguza, amepunguza, mpaka kati ya pigo na pigo unaweza kupitisha mkokoteni. Mwenyewe nimeanza kuamini kwamba nyimbo hizi zimeishi kwa sababu ya nafasi hiyo. Watunzi wa miaka ya themanini walipewa mashine zinazoweza kujaza kila kitu, na waliokuwa hodari wakaacha uwazi. Aliyekuja miaka kumi baadaye akakuta nyumba ina chumba kitupu, akaingia na godoro lake.

Kwenye orodha: soul na pop sasa 42, kaswida 13.

Jumapili, 11 Mei

Nimetumia wiki hii kwa jina, sikugusa deki.

James Mtume alizaliwa Philadelphia mwaka 1946. Baba yake mzazi ni Jimmy Heath, mpiga saksafoni mkubwa wa jazi. Alikwenda California kusoma, akiwa mwogeleaji hodari, na huko akajiunga na kikundi cha Maulana Karenga, mwanzilishi wa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, mwaka 1966. Karenga na wenzake walichagua Kiswahili kwa sababu si lugha ya kabila moja. Ndiyo maana kanuni saba za Kwanzaa ni maneno yetu: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Waliojiunga walipewa majina ya Kiswahili, na huyu akawa Mtume, kwa maana ya mjumbe, mwenye kufikisha habari.

Yeye naye akawagawia wenzake. Bendi ya Herbie Hancock, mpiga kinanda wa jazi, ya mwanzoni mwa miaka ya sabini ilichukua majina ya Kiswahili kutoka kwake: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa ngoma akawa Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta akawa Mganga, naye kweli alikuwa daktari aliyesomea. Nilipomsomea Mama majina haya kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe walikuwa wanatusikiliza."

Baada ya hapo Mtume alipiga ngoma na Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, hadi 1975. Huko alikutana na mpiga gita Reggie Lucas, na wawili hao wakawa watunzi wa kutafutwa. Walimtungia Stephanie Mills "Never Knew Love Like This Before" ya 1980, ikawapa tuzo ya Grammy. Lucas ndiye aliyetayarisha sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Madonna mwaka 1983. Yaani uzi unatoka kwa Miles, unapita kwenye soul, unaingia kwenye pop ya wasichana wa Marekani, na mmoja wa waliousokota anaitwa kwa Kiswahili.

Jambo moja limenigusa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya themanini Mtume aliukosoa hadharani, redioni New York, mtindo wa wanahiphop kuchukua vipande vya nyimbo za wengine. Kundi la Stetsasonic likamjibu kwa wimbo mwaka 1988, likitetea kwamba kusampo ndiko kulikowarudisha wazee masikioni mwa watu. Miaka sita baadaye wimbo wake mwenyewe ukawa mfano mkubwa wa jambo hilo. Nawaona wote wawili wana haki. Mtu aliyetoa jasho lake hapendi kulikuta kwenye kibanda cha mwingine bila hodi. Lakini bila Biggie, kijana wangu asingetoka jikoni. Mtume alifariki Januari 2022, akiwa na miaka 76.

Jumamosi, 24 Mei

Leo ni namba 22, kaseti halisi ya dukani: *Bad* ya Michael Jackson, 1987. Jalada limefifia, utepe ni mzima. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, kwa hiyo Michael wetu wa kwanza alikuwa sauti na picha ya jalada. Tulibuni wenyewe jinsi anavyocheza.

"Liberian Girl" unafunguliwa na mwanamke anayesema kwa Kiswahili. Ni Letta Mbulu, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuwa akifanya kazi na Quincy Jones, mtayarishaji wa albamu hii, tangu zamani. Kwenye karatasi ya mashairi maneno yameandikwa hivi: "Naku penda piya, naku taka piya, mpenziwe." Nimesimamisha na kurudisha mara nyingi. Sikio langu linasikia "mpenzi wee", mwito wa kumwita mtu. Mwandishi wa karatasi ameunganisha, na kwetu mpenziwe ni mpenzi wake, yaani wa mtu mwingine! Herufi mbili zimegeuza wimbo mzima kuwa wa kumtamani mchumba wa mwenzio. Liberia yenyewe hawasemi Kiswahili. Bado, nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilihisi mwimbaji mkubwa kuliko wote amenigeukia mimi, na hisia hiyo siidai irudi.

Haikuwa mara ya kwanza Kiswahili kugonga mlango huo. Usiku wa 28 Januari 1985, wasanii walipokusanyika Hollywood kurekodi "We Are the World", Stevie Wonder alipendekeza waingize mstari wa Kiswahili. Wakabishana, Waylon Jennings wa muziki wa kantri akatoka studio, na Bob Geldof, mwanamuziki wa Ireland, akawakumbusha kwamba Waethiopia, ambao njaa yao ndiyo iliyowakutanisha, hawasemi Kiswahili. Mstari ukafutwa. Naona Geldof alikuwa sahihi, na naona pia kwamba Stevie alinyoosha mkono kwa nia njema.

Na wa Cameroon hawakuwa nyuma. Kile kiitikio cha mwisho cha wimbo wa kwanza wa *Thriller*, albamu ya Michael ya 1982, kimetoka kwa Manu Dibango, kwenye "Soul Makossa" ya 1972, wimbo uliotumia neno la Kiduala. Dibango alidai haki yake wakaelewana kwa malipo. Rihanna akakitumia tena mwaka 2007. Februari 1992 Michael mwenyewe alifika Dar es Salaam, akakutana na Rais Mwinyi na watoto wenye ulemavu kule Sinza. Mjomba alikuwa ameshaacha bahari. Alisema angekuwa kijana angepanda basi.

Jumanne, 10 Juni

Siku mbaya. Namba 29 imeota ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, na nilipojaribu kuuzungusha kwa kalamu ulikatika sehemu tatu. Nimeitoa kwenye orodha ya kazi, nimeiweka kwenye mfuko wake peke yake isiambukize nyingine. Kwenye jalada mjomba aliandika "Anita + Sade". Nyimbo zenyewe zinapatikana kokote. Mpangilio wake, alichoanza nacho na alichofuatisha, ndio uliopotea.

Namba 28 imenipoza. Katikati yake kuna "Under Pressure" ya 1981, Queen na David Bowie, wimbo uliozaliwa studio Montreux, Uswisi. Unabebwa na noti chache za besi ya John Deacon, zenye uwazi kati yake kama zile za Mtume. Mwimbaji ni Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Unguja, mwaka 1946. Noti zile zile zikachukuliwa na Vanilla Ice mwaka 1990. Na mwaka 1991 Saleh Jabir akaurapu huo wa Vanilla Ice kwa Kiswahili hapa hapa Dar, kabla neno Bongo Flava halijazoeleka. Nimemchorea mtoto wa dada yangu njia hiyo kwenye karatasi: Unguja, London, Montreux, Marekani, Dar. Amebandika karatasi ukutani juu ya kitanda chake.

Jumamosi, 21 Juni

Tupo Tanga. Zimekamilika 39, moja imeharibika, zimebaki 23. Nimekuja kurudisha zilizokamilika, na jioni tulikaa uani tukasikiliza saa mbili nzima: Mama, shangazi wawili, majirani, watoto. Bluzi ya Luther ilipopigwa, shangazi mkubwa alitaja majina ya watu watatu waliooana kwa wimbo huo. "Liberian Girl" watoto waliomba irudiwe ule mwanzo tu.

Sikupanga kupiga namba 17 mbele ya wazee. Mama ndiye aliyeiulizia. Nikamuuliza kama alijua kilichomo.

"Nilijua tangu 1984. Kaka yangu alinipigia usiku mmoja, nikamwambia punguza sauti, watoto wamelala. Wimbo mzuri, lakini wa chumbani."

"Sasa mbona uliuweka juu ya kaswida, Mama?"

"Jina la Mtume haliwekwi chini ya kaseti za dansi, mwanangu. Kilichomo ndani ni shauri lao na Mungu wao. Jina ni jina."

Nikampigia kwa sauti ndogo. Alisikiliza amefumba macho, kidole kinagonga kwenye mkono wa kiti, na nikaona hakigongi kwenye pigo. Kinagonga pale katikati, kwenye kimya. Kijana wetu naye aliona, akatoa simu akaandika kitu.

Wimbo ulipoisha Mama alichukua kaseti, akaizungushia kitambaa chake cheupe, na mimi nikanyanyua kifuniko cha sanduku. Imerudi juu.

Kwa wiki ijayo: namba 30 hadi 36, ambazo majalada yake yanasema Janet Jackson na Prince. Kaseti mbili zina sponji ya ndani iliyobanduka, inabidi nikate mpya na kuigandisha. Spiriti ipo nusu chupa, pamba zimekwisha.